Barua kwa Mwanangu: Vita vya Shela Mbele ya Ngome

Mwanangu mpenzi Zainabu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba sisi sote hapa Lamu tu wazima, alhamdulillahi, na babako anakusalimu sana. Kilichonifanya nishike kalamu ni igizo la vita vya Shela ambalo wanafunzi walilionyesha mbele ya ngome, pale Mkunguni. Kwa kuwa wewe unasomea kufundisha historia, nilikuwa nikiwatazama watoto wale huku nikikuwaza.

Walijitahidi sana, Mungu awabariki. Upande mmoja walisimama watu wa Lamu, na upande wa pili wakaja watu wa kisiwa jirani cha Pate pamoja na wenzao Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, kama ilivyokuwa karibu mwaka 1812 majeshi yao yaliposhuka kijijini Shela, jirani na hapa, kwa nia ya kuuteka mji wetu. Ngoma zilipigwa, panga za mbao zikagongana, na kila Mpate alipoanguka watu walishangilia. Kijana mmoja wa upande wa Pate alianguka karibu kabisa na nilipoketi, akalala kifudifudi na kanzu yake imejaa vumbi. Mara dadake mdogo, ambaye nadhani hakuwa amefika hata miaka minne, alichomoka miongoni mwa watazamaji, akamshika mkono na kumvuta ili ainuke. Watu walicheka, lakini mimi sikuweza kucheka, kwa maana katika igizo lote huyo ndiye mtu wa pekee aliyemwendea maiti.

Wewe unajua wazee walivyotusimulia mwisho wa vita vile. Wavamizi waliposhindwa walikimbilia pwani, wakakuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekaa juu ya mchanga, havisogei mbele wala nyuma, na hapo ndipo walipouawa wengi kuliko waliouawa katika mapigano yenyewe. Mifupa yao ilibaki katika vilima vya mchanga vya Shela, na kwa miaka mingi kila upepo ulipohamisha mchanga mafuvu yalionekana. Vilima hivyo hivyo ndivyo vinavyotuhifadhia maji matamu tunayokunywa mjini. Katika igizo sehemu hii ilipita kwa kelele moja tu ya ushindi, na nadhani ndiyo iliyostahili kuonyeshwa kwa kirefu kuliko zote.

Waliokufa pale hawakuwa wageni kwetu. Walisema Kiswahili kama sisi, wakaelekea kibla kimoja na sisi, na wengi wao walikuwa na jamaa katika mitaa yetu. Uhasama wenyewe ulipitia katika mashairi pia. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu akamjibu, na watu wa pande zote mbili waliyaelewa mafumbo yao bila mkalimani. Ningefurahi sana kama watoto wangesimama wawili wawili wakajibizana kwa beti kabla ya upanga wowote kuinuliwa.

Igizo lilikwisha kwa shangwe, nami nilitamani liendelee, kwa sababu yaliyofuata ndiyo yaliyotuletea ngome yenyewe kwa sura tuijuayo. Wazee wa Lamu walishinda, lakini wakaingiwa na hofu kwamba Wamazrui wangerudi kulipa kisasi, wakamwendea Seyyid Said wa Omani kuomba hifadhi. Seyyid akakubali, akatuletea liwali na askari, na karibu mwaka 1821 ngome ikakamilika kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mji uliokataa kutawaliwa na jirani ukawa chini ya mtawala aliyeishi ng'ambo ya bahari. Baadaye, zama za Waingereza, kuta hizo hizo ziligeuzwa jela, na zikabaki jela hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 1984. Mtoto wa leo anayeingia humo kusoma vitabu katika maktaba na kutazama maonyesho hawezi kuyajua hayo asipoambiwa, naye akiambiwa ushindi peke yake atadhani ngome ilijengwa kwa ajili ya fahari, hali ilijengwa kwa ajili ya hofu.

Baada ya igizo nilizungumza na mwalimu aliyewafundisha, nikamweleza haya kwa upole, maana kazi yake ilikuwa nzuri na sikutaka kumvunja moyo. Alinisikiliza vizuri. Akasema kwamba yuko tayari kuongeza sehemu ya vyombo vilivyokwama na sehemu ya wazee kumwendea Seyyid, ila hana mtu wa kumwandikia maneno, nami nikamtajia jina lako. Basi mwanangu, ukipata nafasi baada ya mitihani, anza na mazungumzo ya wazee wale, wengine wakitaka msaada wa Omani na wengine wakiukataa, kisha unitumie nimpelekee. Beti za Muyaka na Bwana Zahidi nitakutafutia mimi kwa wazee wanaozihifadhi kwa moyo, nikuandikie moja moja kama wanavyozisoma.

Wasalaam,
Ni mimi mamako, Lamu