Mtihani wa Taifa ubaki, pesa za mlangoni ziondoke

Bwana Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini taarifa yenu ya juma lililopita juu ya misimamo ya vyama kuhusu mtihani wa taifa imeninyima usingizi. Msemaji mmoja alitaka Eksetati, yaani mtihani huo wa kumaliza sekondari, ifutwe kwa sababu maswali ya kuchagua jibu hayapimi akili ya mtoto. Mwenzake akaitetea kama heshima ya nchi yetu ya Kongo tangu 1967. Wote wawili hawakugusa suala la pesa.

Nilifundisha hesabu katika shule za sekondari hapa Lubumbashi kwa miaka 31, na ninataka mtihani huo ubaki. Katika siku nne za kikao cha kawaida, mtoto wa Katuba, wa Kasumbalesa na wa Kinshasa wanapimwa kwa kipimo kimoja, na anayefikia asilimia 50 amepita, awe mtoto wa waziri au wa muuza makala.

Ila kwanza lazima aingie chumbani. Mwaka jana mjukuu wangu, finalisti (mwanafunzi wa mwaka wa mwisho) wa ualimu, alirudi nyumbani jioni ya kuamkia siku ya kwanza akiwa na kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, bila muhuri wala sahihi, kimeandikwa franka 30,000 za "kuwapokea wasimamizi". Ada ya kushiriki tulikuwa tumeshailipa yote tangu Februari, na risiti tunayo. Nilikwenda shuleni saa kumi na mbili asubuhi nikaambiwa kwamba asiyelipa atasubiri nje. Nikamwona amesimama langoni kwa sare yake ya bluu na nyeupe, kalamu mbili mkononi, akiwatazama wenzake wakiingia mmoja mmoja, na aliponigeukia akasema tu, "Tate, tuende nyumbani." Jirani yangu mmoja muuza unga ndiye aliyetoa pesa hizo. Mtoto aliketi akiwa amechelewa, mikono ikimtetemeka, na hata siku ile matokeo yalipotoka na watu wakawamwagia finalisti poda nyeupe barabarani, yeye hakutaka kutoka ndani.

Na hao wanaojisifu kwa elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019, wanaposoma ibara ya 43 ya Katiba, waisome hadi mwisho: bure hiyo ni ya shule za msingi. Darasa la mtoto wa jirani yangu lina watoto watano juu ya benchi moja. Walioanza mwaka wa kwanza wakati ule watafika Eksetati mwaka 2031, nao ni wengi kuliko tuliowahi kuwapeleka. Ni chama gani kimeandika mahali popote jinsi kitakavyowapokea?

Ninapendekeza hivi: kila chama kinachoomba kura katika jimbo letu kichapishe karatasi moja, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kikitaja ada ya mtihani itakuwa kiasi gani, nani ataibeba, na mzazi ampelekee nani malalamiko yake siku hiyohiyo kabla ya saa moja asubuhi. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye lango la kila shule ya serikali. Kile kipande cha daftari bado ninacho. Chama kitakachotaka kukiona, nitakipelekea mwenyewe.

Mwalimu mstaafu, Katuba, Lubumbashi