Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: nyama za puani zisitupwe

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya masikio, pua na koo. Ombi langu ni moja: nyama yoyote inayotolewa kwenye pua iliyoziba upande mmoja isiishie kwenye ndoo ya taka. Iende maabara ya patholojia, inakochunguzwa kwa hadubini.

Wagonjwa hawa hufika wakiwa wamechoka na dawa za aleji. Wengi huwa na nyama za kawaida tu, nakiri. Lakini mara chache sana kinachoziba ni shwanoma, uvimbe usio saratani unaoota kwenye ganda la mshipa wa fahamu. Katika shwanoma zote za kichwani na shingoni, zinazoota puani na kwenye sainasi (matundu yenye hewa ndani ya mifupa ya uso) hazifiki asilimia 4. Dalili zake hazina upekee wowote: pua kuziba, damu kidogo, harufu kupotea, uso kuuma. Unakua taratibu, na ukiachwa unaweza kulisukuma jicho au kuumomonyoa mfupa unaotenganisha pua na ubongo.

Kwa hiyo picha zitangulie kisu. CT inaonyesha hali ya mifupa. MRI inatenganisha uvimbe na makamasi yaliyonasa nyuma yake. Tena kinyama kinachoning'inia kutoka juu ya pua kinaweza kuwa sehemu ya ubongo iliyoshuka, na anayekikata bila picha anaweza kufungulia maji ya ubongo.

Maabara nako kuna mtego. Shwanoma yenye seli zilizosongamana inaweza kusomwa kama sarkoma, aina ya saratani, hasa kwa kuwa ile ya puani mara nyingi haina kifuko cha kuizunguka. Kipimo cha protini ya S-100 husaidia sana hapo, maana seli za shwanoma huipokea rangi yake kwa nguvu. Bila kipimo hicho, mtu anaweza kupewa mionzi asiyoihitaji, au kukatwa taya, wakati tiba yake ni kuuondoa uvimbe wote, mara nyingi kwa endoskopu, kifaa chembamba chenye kamera, kupitia tundu la pua, bila hata kovu usoni. Ukitoka wote, ni nadra kurudi.

Sasa fedha, maana huko ndiko mambo hukwama. Nilikofanyia kazi, familia ikishalipia upasuaji huambiwa kipimo cha nyama kina malipo yake. Mgonjwa anapumua vizuri, nauli ya kurudi kijijini inahesabika. Nani atabaki kulipia kichupa cha nyama kiende maabara? Mimi siwalaumu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Naomba uagize gharama ya patholojia, pamoja na S-100 pale mtaalamu anapoihitaji, iwe ndani ya gharama ya upasuaji wa pua wenyewe. Na mwongozo wa matibabu utamke wazi kwamba pua iliyoziba upande mmoja haikatwi kabla ya picha.

Wako katika kazi,
Muuguzi, Kanda ya Ziwa