Mwanangu, Kuhusu Ile Nyumba ya Pinki

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Tumefurahi mno kwamba umeanza kazi ya mipango miji. Nakuandikia kwa sababu ya swali ulilouliza tulipozungumza kwenye simu juu ya kesi ya Susette Kelo, yule mama wa Marekani aliyekwenda mahakamani kupinga mji kutwaa nyumba yake: "Lakini baba, si alipewa fidia? Aligombania nini tena?" Jibu langu ni refu, ndiyo maana sikukujibu palepale.

Kwanza, usiwaone viongozi wa mji wa New London, Connecticut, kuwa watu wabaya. Mwaka 1996 serikali kuu ilifunga kituo cha jeshi la majini pale mtaa wa Fort Trumbull kilichoajiri watu zaidi ya 1,500, na mji wenyewe ulikuwa na wakazi wasiofika 24,000. Kwa hiyo kampuni ya dawa ya Pfizer ilipotangaza mwaka 1998 kwamba itajenga kituo cha utafiti cha dola milioni 300 jirani na mtaa huo, kiongozi yeyote angeipokea habari hiyo kwa mikono miwili. Mpango ukachorwa: hoteli, ofisi, nyumba mpya, gati la mashua. Walitarajia ajira zaidi ya 1,000. Manispaa ikalikabidhi shirika binafsi la maendeleo mamlaka ya kutwaa ardhi kwa jina lake.

Kelo alikuwa muuguzi. Mwaka 1997 alinunua nyumba ndogo ya karne ya 19, akaikarabati, akaipaka rangi ya pinki, na alichokipenda zaidi ni kwamba kutoka pale aliyaona maji. Mtaani humo alikuwamo bibi mmoja aliyezaliwa mwaka 1918 katika nyumba ileile aliyokuwa akiishi, na maisha yake yote hakuwahi kuhama. Wenye mali waliokataa kuuza walikuwa tisa, wakiwa na viwanja 15. Novemba 2000 taratibu za kuwatwalia kwa nguvu ya sheria zikaanza.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe iliandika: hakuna aliyedai kwamba nyumba hizo zilikuwa mbovu au zimechakaa. Zilitwaliwa kwa sababu tu zilikuwa ndani ya eneo la mradi. Viwanja 11 vilipangiwa ofisi. Vinne vilivyobaki vilikuwa kwenye sehemu ambayo ingetumika ama kwa wageni wa hifadhi iliyo jirani, kwa maegesho na maduka, ama kwa huduma za gati. Ama hivi, ama vile! Mtu anaambiwa ahame na wanaomhamisha hawajakata shauri watapafanyia nini pale. Na ndani ya eneo hilohilo kulikuwa na jumba la klabu ambalo liliachwa lisimame, kwa hiyo mchoro uliweza kukunjwa pale walipotaka kuukunja.

Na fidia? Bei ya soko ni bei ya mtu anayeuza. Kelo hakuwa anauza. Mthamini hupima kuta, paa na kiwanja, na hufanya kazi halali kabisa, lakini hana kipimo cha miaka zaidi ya 80 ya yule bibi.

Tarehe 23 Juni 2005 majaji waligawanyika watano kwa wanne, na manispaa ikashinda. Jaji Stevens, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kukuza uchumi wa mji ni manufaa ya umma, na kwamba majimbo yana uhuru wa kujiwekea masharti makali zaidi. Jaji O'Connor alipinga kwa nguvu. Yeye ndiye aliyeandika hukumu ya mwaka 1984 katika kesi ya utwaaji wa ardhi kutoka Hawaii, ambayo walio wengi waliiegemea, na safari hii alikiri kwamba baadhi ya maneno ya hukumu hiyo yalikwenda mbali kupita kiasi. Namheshimu sana kwa hilo. Jaji Thomas, aliyepinga pia, alikumbusha ni nani hasa hulipa gharama: katika mradi wa kubomoa mitaa duni ya Washington ambao Mahakama hiyohiyo iliuidhinisha mwaka 1954, zaidi ya asilimia 97 ya waliohamishwa walikuwa watu weusi.

Baada ya hukumu wananchi walighadhibika, na majimbo zaidi ya 40 yakabadilisha sheria zao. Nyumba ya pinki ikafunguliwa, ikahamishwa na kujengwa upya sehemu nyingine ya mji, na leo ni kumbukumbu. Wengi husimulia hayo kama ushindi. Mimi sikubali. Kilichogombaniwa ni mahali, na mahali palichukuliwa. Mbao zimepona, mwenyewe hakai humo.

Utasikia pia kwamba Pfizer ilitangaza kuondoka mwaka 2009, na kwamba ardhi ile ilikaa tupu miaka mingi. Ni kweli, na inauma. Lakini usiifanye hiyo kuwa hoja yako kuu. Hata hoteli ingejengwa na kujaa wageni, bado ningekuandikia barua hii.

Sikwambii ukatae kila utwaaji. Reli, barabara na mabomba ya maji havipiti hewani. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujaweka sahihi kwenye ramani, nenda ukaingie katika kila nyumba iliyomo. Uulize wakubwa wako kiwanja hiki kitafanywa nini hasa, na nani atakimiliki baadaye. Wakijibu "ama hivi, ama vile", usiweke sahihi.

Soma maoni ya Thomas mpaka mwisho, kisha unipigie. Nataka unieleze ungemwambia nini yule bibi, kama ungekuwa wewe uliyetumwa kumpelekea hati.

Baba yako akupendaye