Risala ya Klabu ya Hali ya Hewa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na kufika kwako kumetupa faraja.

Klabu yetu ilianza na wanachama wachache na kipimamvua kimoja. Leo tunajivunia mafanikio makubwa: daftari halijawahi kukosa mwandishi, ubao wa taarifa umepakwa rangi, na wengi wetu tunatofautisha hali ya hewa ya siku hadi siku na tabianchi, yaani wastani wake wa miaka mingi.

Mheshimiwa, ukame wa mwaka mmoja hautoshi kuitwa mabadiliko ya tabianchi. El Niño, yaani kupanda kwa muda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7, ikavuruga misimu, kisha ikatulia. Mabadiliko ni mwelekeo unaobaki chini ya mapandashuka hayo, kama joto la dunia lililokwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu 1850–1900. Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia wastani wa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Anayeamua ukubwa wa kalavati au wakati wa kupanda lazima ajue anakabiliana na kipi. Utabiri wa msimu huzungumzia uwezekano, tena kwa eneo pana, ilhali mvua huweza kulowesha upande mmoja wa kilima na kuuruka wa pili. Shamba lahitaji kumbukumbu za hapo hapo.

Na kumbukumbu zetu zina pengo. Kipimamvua kilipasuka kitako, tukakiziba kwa gundi, kikavuja. Tukaacha kupima, maana tarakimu ya uongo humpotosha mkulima. Tangu hapo, kila saa 3 asubuhi, mwenye zamu huandika kistari. Haandiki sifuri: sifuri maana yake mvua haikunyesha, kistari maana yake hatukupima. Kurasa za vistari zimekuwa nyingi, na mvua iliyopita bila kupimwa hairudi kupimwa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea kwa moyo mkunjufu, akaahidi kifaa kabla ya msimu. Wa mwaka jana aliahidi kuifuatilia ahadi hiyo. Wote tuliwapigia makofi, na bado tunasubiri.

Tunaomba kipimamvua kimoja cha kawaida pamoja na silinda yake ya kupimia. Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, ututajie tarehe leo hii, ili katibu aiandike kwenye daftari hilo hilo.

Tunaomba kuwasilisha.