Malalamiko Kuhusu Lebo ya Rezini Iliyoniharibia Mipini Thelathini

Keko,
Dar es Salaam.
3 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: LEBO YENYE VIPIMO VYA UONGO KWENYE REZINI NA HADINA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi mkereza. Namimina rezini, yaani kimiminika kinachoganda kikawa kigumu kama plastiki, kwenye kalibu pamoja na vipande vya mninga na vifuu vya nazi, kisha vibonge vilivyoganda navikereza, yaani navichonga kwa patasi vikizunguka kwenye mashine, kuwa mipini ya miko, mipini ya visu vya keki na vizibo vya chupa. Tarehe 28 Januari nilinunua dukani kwenu seti moja kwa shilingi 312,000: kopo la rezini la lita 4 na la hadina (dawa ya kuigandisha) la lita 2. Nakala ya risiti nimeiambatisha.

Makopo yote mawili yalikuwa na lebo yenu ya Kiswahili iliyosema: "Changanya sawa kwa sawa." Nikafanya hivyo hivyo. Hadina iliisha, rezini ikabaki nusu kopo. Hapo nakiri nilishtuka, nikapiga simu dukani. Kijana wenu akanijibu kwa furaha kabisa kwamba iliyobaki niitunze, siku nyingine nitanunua hadina peke yake.

Nilikuwa na oda ya miko 30 ya kicheni pati ya Jumamosi tarehe 22 Februari, mipini iwe ya kijani na dhahabu kama sare ya kina mama wa kamati. Mbao niliikausha vizuri, maana unyevu ndani ya mbao huleta mapovu. Nilikoroga polepole, nikakwangua kuta za ndoo, nikaweka kalibu kwenye tangi la presha la kubana mapovu. Baada ya siku tatu vibonge vilikuwa vinabonyea kwa ukucha. Nikaviacha siku kumi zaidi. Vikabaki vile vile.

Kibonge kizuri kikikerezwa hutoa utepe mrefu unaoruka begani. Hivi vyenu viling'ang'ania patasi kama bigijii. Cha tatu kilichomoka kwenye mashine kikapiga ukuta. Kama nisingekuwa na kinga ya uso, barua hii angeiandika mtu mwingine.

Niliwatumia picha kwa WhatsApp. Siku nne kimya, kisha mfanyakazi wenu mmoja akajibu: "Fundi, hukukoroga vizuri." Mwenzake akasema ni unyevu wa hewa. Ndipo nikachukua kitambaa cha maji moto nikabandua lebo yenu. Chini yake ipo ya kiwandani, imeandikwa wazi: rezini sehemu mbili, hadina sehemu moja, kwa ujazo.

Ndugu Meneja, hadina ikizidi haiharakishi kukauka kama wengi wanavyodhani. Ile iliyozidi inakosa rezini ya kushikana nayo, inabaki humo humo ikikilegeza kibonge. Jua halisaidii, wala kusubiri. Kwa hiyo sikukosea kukoroga. Nilikoroga vizuri sana kipimo kibaya mlichonipa.

Na kwa kuwa nimeishika lebo hiyo mkononi, niseme na hili. Mmechora mwiko uliofunikwa rezini mpaka kichwani, umezama kwenye sufuria ya ugali, na maneno "salama kwa chakula." Rezini ya kumimina ya aina hii hulegea ikipata joto la sufuria. Mimi huiweka kwenye mpini tu, kichwa kinabaki mti mtupu. Mwanafunzi anayeanza ataiamini picha yenu.

Ili nisimwaibishe mama wa bibi harusi nilikesha siku mbili nikikereza mipini 30 ya mninga mtupu. Tulikuwa tumepatana 15,000 kwa mwiko mmoja. Alichukua kwa 7,000, na sikuweza kumlaumu. Hasara hapo ni 240,000, mbali na bei ya seti.

Naomba mnirudishie 312,000 pamoja na hiyo 240,000, na mbandue lebo hizo kwenye makopo yaliyobaki dukani. Hili la pili msilichukulie dogo: juzi nimemwona fundi wa jirani akitoka kwenu na seti kama yangu, nikamkimbilia kabla hajafungua.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Mkikaa kimya nitayapeleka makopo, risiti na vibonge kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Vibonge 27 viko kwenye kiroba karakanani. Mje na ukucha wenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi mkereza, Keko