Wauza spea waandike namba ya taa kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalowagusa wengi wenye magari ya Kijapani hapa Dar es Salaam, nalo ni ununuzi wa taa za mbele zilizotumika. Bei ya taa mpya ya kampuni wengi wetu hatuiwezi, hivyo gari likigongwa kona tunakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani au Ilala kutafuta iliyofunguliwa kwenye gari lililokatwa huko Japani. Biashara hiyo sina ugomvi nayo, kwani taa halisi ya mtumba mara nyingi huishinda mpya ya kuiga. Ninacholalamikia ni namna inavyouzwa. Mnunuzi anataja jina la gari, winga, yaani dalali wa dukani, anapotelea vichochoroni na kurudi na taa mkononi, fedha inalipwa, kisha risiti, kama ikitolewa, inaandikwa neno moja tu: "spea".

Jina la gari halitoshi kabisa. Chukua Toyota Corolla Fielder, ambayo haikosekani kwenye maegesho yoyote ya mjini. Iliyo na namba ya chasisi inayoanzia NZE121 haina uhusiano na ya NZE141 kwa umbo la taa, na hilo kila muuzaji analijua. Lakini hata ndani ya NZE141 yenyewe, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2006 hadi 2012, ziko zilizotoka kiwandani na taa za balbu ya kawaida ya halojeni na ziko zilizotoka na taa za HID, ambazo huhitaji kifaa chake maalumu cha kupandisha umeme hadi maelfu ya volti ili balbu iwake. Kwa nje unaweza kudhani ni taa moja. Ukiigeuza nyuma utaona soketi ni tofauti, na fundi asiye mwangalifu atakata nyaya na kuunganisha kwa utepe wa gundi ili mradi iwake. Na hata hizo za HID si zote sawa: balbu za aina ya D4, zisizo na zebaki, hutumia volti ndogo kuliko za D2, wala vifaa vyake haviazimani.

Dawa ya mkanganyiko huu imechapwa kwenye taa yenyewe. Watengenezaji wakubwa wa Kijapani, yaani Koito, Stanley na Ichikoh, huweka jina lao na namba ya taa kwenye kona ya kioo au mgongoni mwa taa. Kwa hiyo anayekwenda dukani asiende na jina la gari peke yake, bali na namba hiyo, aisome kwenye taa iliyovunjika kabla fundi hajaitupa, au kwenye ile ya upande wa pili iliyosalimika, pamoja na namba ya chasisi kama ilivyo kwenye kadi ya gari. Namba zikilingana na upande, kushoto au kulia, ukawa ndio, sehemu kubwa ya ubishi imekwisha.

Hapo hukaguliwa hali ya taa, na ukaguzi ufanyike juani, si ndani ya duka lenye giza. Masikio ya plastiki yanayoshika bolti ndiyo ya kwanza kutazamwa, maana ndiyo huvunjika gari linapogongwa au taa inapofunguliwa kwa pupa, na sikio lililobandikwa gundi huachia kwenye barabara ya vumbi na taa ikaanza kucheza. Kioo, ambacho kwa kweli ni plastiki, hugeuka njano kwa kuchomwa na jua. Kukisugua kwa dawa ya meno, kama vijana wa kuosha magari wanavyopenda kufanya, kunakipa mng'ao wa muda mfupi tu. Ndani kule, kioo cha kuakisi mwanga kisiwe kimefifia au kuungua, jambo linaloweza kutokea pale mwenye gari wa awali alipoweka balbu kali kuliko iliyopangwa. Balbu ya H4, kwa mfano, ni ya wati 60 kwa mwanga wa juu na 55 kwa wa chini, si 100.

Liko jambo jingine ambalo madukani sijasikia likitajwa, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Taa za magari ya Ulaya huletwa pia kutoka nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, kama Ujerumani au Falme za Kiarabu. Taa ya huko hurusha sehemu ya mwanga wake wa chini, ule wa kupishana, juu kidogo upande wa kulia, na kwetu upande huo ndiko anakotokea dereva mwenzako. Inaingia kwenye bodi bila shida, inawaka vizuri, na inampofusha anayekuja. Taa zenye alama ya herufi E ndani ya duara, zikiwa ni za nchi zinazoendesha kushoto, huwa na mshale mdogo unaoelekea kulia kwa mtu aliyesimama akiitazama taa. Zisizo na mshale ni za wanaoendesha kulia. Nyingi za Japani hazina alama hiyo, ila hazina tatizo hilo kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi.

Ombi langu kwa wafanyabiashara na viongozi wa masoko ya spea ni dogo. Risiti iandikwe jina la mtengenezaji, namba ya taa, upande, na chasisi ya gari ambalo mnunuzi amesema inakwenda kufungwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kuutegemea ujuzi wake. Lakini atathibitishaje alichosema, ikiwa karatasi aliyonayo ina neno "spea" na ukutani pamebandikwa "Mali ikishauzwa haitarudishwa"? Tume ya Ushindani nayo, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, ingefaa ipite Gerezani ikasome risiti hizo. Muuzaji mkweli hana cha kupoteza hapa, kwa sababu mteja naye hataweza kumrudishia taa ya duka jingine.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam