Mdogo wangu, mrudishie mwanetu Kiswahili chake

Mdogo wangu,

Jumapili nilishinda kwako tangu asubuhi mpaka magharibi, na kilichoniumiza ni kimya cha nyumba ile. Wewe uliyekuwa ukitusimulia visa vya Sungura na Fisi mpaka watu wazima wanasahau kwenda kulala, leo unamwambia mwanao “sit down”, “come”, “eat”, basi. Nilipokuuliza, ukasema mwalimu ameagiza nyumbani waongee Kiingereza tu. Nawe uliishia darasa la saba, umebaki na maneno hayo matatu.

Mwalimu anamtakia mema, sina shaka. Agizo hilo lakini usilifuate.

Mtoto wa miaka sita hukuza lugha kwa kuongea na mtu anayempenda, tena maongezi marefu: kwa nini dagaa wanaanikwa, kwa nini jana vitumbua havikuumuka, nani kamkosea nani gengeni. Akishaweza kupanga kisa na kutoa sababu kwa Kiswahili, kwenye Kiingereza atakuwa anatafuta maneno tu, mawazo anayo tayari. Ukimnyamazia anakosa vyote viwili.

Yapo unayoweza kumsaidia hata sasa. Nilimsikiliza akisoma, nikaona anakwama kwenye irabu. Kiswahili chetu tunakisoma kama kilivyoandikwa. Kwenye Kiingereza, a inaitwa “ei”, e inaitwa “ii”, na i inaitwa “ai”. Mtoto anayesoma ba be bi bo bu kipindi hiki na ei ii ai kipindi kinachofuata lazima achanganye, na wala si mzito wa kuelewa. Mwonyeshe herufi kwa kidole umwambie: “Hii kwetu ni e, kwao inaitwa ii.” Hilo unaliweza, mdogo wangu.

Na maneno unayo mengi kuliko unavyodhani. Soksi, penseli, sketi, blanketi, baiskeli: yote yalitoka Kiingereza, sisi tukayatia irabu mwishoni. Mkiwa mnakunja nguo, wewe sema “soksi”, yeye aseme kama wanavyosema shuleni. Atasikia mwenyewe ile i ya mwisho ikidondoka.

Homuweki usimfanyie, wala usimpeleke kwa jirani akafanyiwe. Mwambie akueleze kwa Kiswahili mwalimu ametaka nini. Akieleza vizuri, ameelewa. Akikwama, andika kwenye dayari yake, kwa Kiswahili, kwamba hapa hajaelewa. Mwalimu ni Mtanzania mwenzako, atasoma. Kitabu cha Kiingereza akusomee yeye kwa sauti, wewe muulize kuhusu picha: huyu analia nini? Unadhani atafanyaje?

Nakwambia haya kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa mimi kabla yako. Nilianza Kiingereza darasa la tatu, na nilipoingia kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mama yetu hakujua hata salamu ya lugha hiyo. Kila jioni akimenya mihogo aliniambia, “Haya, leo mmesoma nini?” Nilimweleza Bonde la Ufa lote kwa Kiswahili. Aliuliza kama ardhi inapasuka, maji ya ziwa yanabaki vipi? Sikuwa na jibu. Nikarudi kwenye kitabu kile cha Kiingereza, mstari kwa mstari, mpaka nikaelewa, kwa sababu kesho yake angeniuliza tena.

Jumamosi nakuja na vitabu viwili vya picha, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Kiingereza. Ila usinisubiri. Leo usiku zima televisheni, kaa naye kitandani, ummalizie kile kisa cha Fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama pande zote mbili. Aliniuliza kiliishaje, nikamwambia anayekijua ni mama yake.

Dada yako